Mawimbi yanapofutana, nishati huenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na wanafunzi wa sekondari wa seksheni ya sayansi mjini Bukavu, na mafundi wanaofunga vyombo vya muziki makanisani, na watu wengine ambao wameona jambo likawashangaza wakataka kulielewa. Karibu yote yanazunguka tatizo moja: kanuni ya uhifadhi wa nishati inasema kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, na hali mawimbi mawili yakikutana huweza kuacha kimya au giza. Jibu linaloandikwa daftarini, kwamba nishati «hugawanywa upya», ni kweli kwa baadhi ya hali tu. Zipo hali ambazo nishati imebaki pale pale kwa sura nyingine, na zipo ambazo haikutoka kabisa kwenye chanzo. Anayechanganya hali hizo tatu hujikuta akitoa jibu la kwanza mahali ambapo halifai.

## Mambo ya msingi

1. Mwingiliano wa mawimbi ni nini?

Ni hali ya mawimbi mawili au zaidi kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja, ambapo mtikisiko wa kila moja hujumlishwa na mtikisiko wa jingine. Anayesimama kwenye ncha ya rasi ya La Botte, inayoingia Ziwa Kivu hapa Bukavu, wakati boti iendayo Goma inapopishana na ile inayotoka Idjwi ataona mikunjo miwili ya maji ikikutana mbele yake. Kilele kikiangukia kilele, maji huinuka zaidi. Kilele kikiangukia bonde, maji hutulia kwa muda. Kisha kila mkunjo huendelea na safari yake, kwa umbo lile lile na mwelekeo ule ule, kana kwamba haukukutana na kitu.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa kila wimbi linatoka kwenye makutano likiwa zima, basi hata pale lilipoonekana kufutika halikuwa limekufa.

2. Kwa nini vimo vya mawimbi hujumlishwa, lakini nishati zake hazijumlishwi kwa namna ile ile?

Kwa sababu nishati ya wimbi hufuata mraba wa kimo chake. Wimbi la ziwa lenye nusu mita kutoka bonde hadi kilele hubeba takriban jouli 307 juu ya kila mita ya mraba ya uso wa maji. Wimbi la mita nzima hubeba takriban jouli 1,226, yaani mara nne, ingawa kimo kimeongezeka mara mbili tu.

Kimo kinaweza kuwa chanya au hasi, kulingana na kama maji yako juu au chini ya usawa wake wa kawaida, na ndiyo maana vimo viwili vinaweza kufutana. Mraba hauwi hasi kamwe. Kwa hiyo hakuna nishati inayoweza kuifuta nishati nyingine, na anayesema kwamba «nishati mbili zimefutana» ameshapotea njia kabla hajaanza hesabu. Kinachofutana ni mitikisiko.

3. Mawimbi mawili yenye nishati 1 kila moja hutoa 4 mahali fulani na 0 mahali pengine. Hesabu hii inafungwaje?

Inafungwa kwa kutazama eneo lote badala ya nukta moja. Chukua nuru inayopita kwenye matundu mawili membamba na kuangukia ukuta mweupe. Panapokutana mawimbi yaliyo kwenye hatua moja, yaani kilele juu ya kilele, vimo 1 na 1 hutoa 2, na mraba wake ni 4. Panapokutana yaliyo kinyume kabisa, kilele juu ya bonde, jumla ni 0. Kati ya ncha hizo mbili, jinsi tofauti ya hatua (mzunguko mzima wa wimbi ukihesabiwa nyuzi 360) inavyokua kutoka nyuzi 0 hadi 60, 90, 120 na 180, ukali wa mwanga hushuka kutoka 4 hadi 3, 2, 1 na 0. Kila mahali penye 3 pana mwenzake penye 1; kila mahali penye 4 pana mwenzake penye 0. Wastani wa ukuta mzima ni 2, na 2 ndiyo jumla ya vilivyoingia.

Thomas Young, daktari Mwingereza, alionyesha jambo hili mwaka 1803 mbele ya Royal Society ya London kwa kifaa cha bei ndogo mno: alipasua mwali mwembamba wa jua kwa ukingo wa kadi yenye unene usiofika milimita 1, akaona mistari myeupe na myeusi ndani ya kivuli cha kadi hiyo. Alipoziba nuru ya upande mmoja, mistari ilitoweka. Kwa maneno mengine, palikuwapo sehemu ambazo kuongeza nuru kulizitia giza, na hilo ndilo lililowakera wengi wa wakati wake, waliokuwa wakiamini kwamba nuru ni punje zinazorushwa.

4. Je, nishati husafiri kutoka kwenye mstari mweusi kwenda kwenye mstari mweupe?

Hapana, na neno «kugawanywa upya» ndilo linaloleta picha hiyo ya uongo. Nishati haifiki kwanza kwenye mstari mweusi kisha ikafukuzwa kwenda kwa jirani. Mtiririko wa nishati hupangika njiani, tangu pale mawimbi mawili yanapoanza kupishana nyuma ya matundu, hata yanapofika ukutani nishati tayari imefuata njia zinazoelekea kwenye mistari myeupe. Mstari mweusi ni mahali ambapo nishati haikuelekea, na haikutoka hapo. Ukiweka kitambuzi cha nuru kwenye mstari huo, hakitanyonya kitu, wala ukuta hautapata joto hapo.

5. Mbona balbu mbili chumbani hazifutani?

Kwa sababu nuru ya balbu hutoka kwa atomu zisizohesabika, kila moja ikianza na kukoma bila kupatana na nyenzake, hivyo tofauti ya hatua kati ya balbu mbili hubadilika mara nyingi mno kwa sekunde. Mahali palipokuwa na 4 sasa pana 0 kabla jicho halijaona lolote, na tunachokiona ni wastani, yaani 2. Sharti la mistari kuonekana ni vyanzo vilivyofungwa kwenye mwendo mmoja, na ndiyo maana Young alipasua mwali mmoja badala ya kutumia mishumaa miwili.

Kuna sharti jingine ambalo Augustin Fresnel na François Arago walilithibitisha huko Ufaransa na kulichapisha mwaka 1819: mawimbi mawili ya mwanga yanayotikisika katika pande zilizo wima moja kwa nyingine hayafutani hata kidogo.

## Kufutana bila kuondoka mahali

6. Mikunjo miwili kwenye kamba, mmoja juu na mmoja chini, ikikutana kamba hunyooka kabisa. Hapo nishati iko wapi?

Iko kwenye mwendo wa kamba. Swali hili hutoka mara nyingi kwa sababu mchoro wa kitabu huonyesha umbo la kamba tu, na umbo ni nusu ya habari. Kamba yenye mkunjo ina nishati ya aina mbili: ile ya kuvutika, ambayo inaonekana kwa macho, na ile ya mwendo, ambayo mchoro hauionyeshi. Mkunjo unaosafiri hugawa nishati yake nusu kwa nusu kati ya aina hizo.

Mikunjo miwili iliyo kinyume inapokutana katikati, miinuko hufutana lakini kasi hazifutani. Mkunjo wa juu unaokwenda kulia, katika nusu yake ya mbele, unainua kamba. Mkunjo wa chini unaokwenda kushoto, katika nusu yake ya nyuma, nao unaipandisha kamba kurudi kwenye usawa wake. Nusu hizo mbili ndizo zinazokaa mahali pamoja wakati wa kukutana, hivyo kasi zinaongezana na kuwa mara mbili, na nishati ya mwendo inakuwa mara nne ya ile ya mkunjo mmoja. Kwa kuwa kila mkunjo ulikuwa na nusu moja tu ya nishati yake katika mwendo, nusu moja mara nne ni 2, ambayo ni nishati nzima ya mikunjo yote miwili. Laiti ungeipiga picha kamba wakati huo ungeona imenyooka. Ungeigusa, ingekuchapa kidole.

7. Na pale wimbi linapogonga ukuta wa bandari likarudi, kukawa na sehemu ambazo maji hayapandi wala hayashuki?

Hilo ni wimbi lililosimama, na jibu ni tawi la jibu la 6. Wimbi linalokuja na lile linalorudi huacha vituo ambavyo kina cha maji hakibadiliki, vikipokezana na vilele vinavyopanda mara mbili ya kawaida. Kwenye vituo hivyo maji hayajalala: huenda mbele na nyuma kwa upana kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine, jambo ambalo mwenye mtumbwi uliofungwa hapo hulijua kwa jinsi kamba yake inavyovutwa. Nishati hupokezana kati ya kuwa mwinuko penye vilele na kuwa mwendo penye vituo, mara mbili katika kila mzunguko. Sauti ndani ya filimbi hufanya vivyo hivyo: pale msukumo wa hewa unapofutana, hewa yenyewe hutembea zaidi.

8. Mwanga na redio havina maji wala hewa. Huko kufutana kunaacha nini?

Wimbi la redio au la mwanga lina sehemu mbili, uga wa umeme na uga wa sumaku, na kila moja hubeba nusu ya nishati. Mawimbi mawili yanayokuja uso kwa uso, pale uga wa umeme unapofutana, uga wa sumaku huongezana. Nishati ipo, ila imehamia upande wa sumaku.

Otto Wiener alilionyesha hili kwa mwanga mwaka 1890, alipoweka utando mwembamba sana wa dawa ya picha mbele ya kioo, ukiwa umeinama kidogo. Utando ulipata mistari myeusi pale uga wa umeme ulipokuwa mkubwa, na haukuathirika pale uga wa umeme ulipokuwa sifuri, ingawa uga wa sumaku ulikuwa mkubwa hapo.

Katika mji wenye milima kama wetu, jambo hili husikika nyumbani. Kituo cha FM cha megahezi 100 kina urefu wa wimbi wa mita 3, na wimbi lake linalorudi kutoka mlimani huweza kukutana na lile linalokuja moja kwa moja. Redio ikikwaruza juu ya meza, isogeze sentimita 75 kuelekea mlima au kuelekea mnara wa redio. Mara nyingi hapo ndipo penye nguvu, kwa kuwa robo ya urefu wa wimbi ndiyo umbali kutoka mahali pa kufutana hadi mahali pa kuongezana. Antena ya kawaida ya redio ndogo husikiliza umeme, haisikilizi sumaku, hivyo kukosa sauti hakuthibitishi kukosa nishati.

## Upande wa chanzo

9. Bafle (spika) mbili zikiwekwa karibu sana, sauti huongezana kila upande. Ikiwa kila mahali ni 4, zile 2 za ziada zimetoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo jibu la «kugawanywa upya» haliliwezi. Bafle mbili zilizobanana, zinapopiga besi ya marudio 70 kwa sekunde, zina urefu wa wimbi wa karibu mita 5, na umbali kati yake ni mdogo mno kulinganisha na huo. Mawimbi yake yanakuwa kwenye hatua moja mbele, nyuma, juu na pembeni. Hakuna mstari mweusi popote wa kusawazisha hesabu.

Nishati ya ziada imetoka kwenye bafle zenyewe. Kila utando unaposukuma hewa hukutana na msukumo wake wenyewe pamoja na ule uliotoka kwa mwenzake, kwa hiyo kwa mwendo ule ule hufanya kazi maradufu. Anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea, yenye mzigo hatoi jasho kwa sababu ya kutembea, hutoa jasho kwa sababu ya kile kinachompinga; hatua zile zile kwenye njia tambarare na kwenye mlima si kazi moja. Bafle moja ilikuwa ikitoa 1. Mbele ya mwenzake hutoa 2. Zote mbili hutoa 4.

Kwa vyanzo viwili vidogo vya sauti, kila kimoja kikisukuma kiasi kile kile cha hewa, umbali ndio unaoamua. Vikiwa kwenye hatua moja na vikiachana kwa moja ya kumi ya urefu wa wimbi, jumla ya nguvu inayotoka ni takriban 3.87 badala ya 2. Vikiachana kwa robo ya urefu wa wimbi ni takriban 3.27. Vikiachana kwa nusu ya urefu wa wimbi ni 2 kamili. Vikizidi kuachana, jumla huyumba kidogo juu na chini ya 2 na kutulia hapo, na ndipo jibu la 3 linapotosha peke yake.

10. Kanisani kwetu bafle mpya imefungwa na besi imepotea. Fundi anasema waya zimegeuzwa. Besi imekwenda wapi?

Fundi huenda yuko sahihi, na ni rahisi kumhakikisha: kwenye bafle moja tu, badilishana waya mwekundu na mweusi nyuma yake, kisha simama katikati kabisa ya bafle mbili na usikilize gitaa la besi. Ikirudi, ndilo lilikuwa tatizo.

Waya zikigeuzwa upande mmoja, utando mmoja husukuma wakati mwingine unavuta. Ikiwa bafle zimepangwa moja juu ya nyingine, hewa hutoka mbele ya utando mmoja na kuingia mbele ya mwingine bila kwenda mbali, na jumla ya nguvu inayotoka hushuka hadi takriban 0.13, badala ya 2, kwa umbali wa moja ya kumi ya urefu wa wimbi. Sauti hiyo haikufichwa kwenye kona yoyote ya kanisa. Haikutolewa, kwa kuwa kila utando umesaidiwa na mwenzake badala ya kupingwa. Ikiwa bafle ziko pande mbili za madhabahu, mita kadhaa mbalimbali, basi besi hufutika kwenye mstari wa katikati tu na husikika vizuri kwa walioketi pembeni. Hapo tunarudi kwenye jibu la 3.

Mafundi wengine huuliza mbona amplifaya haionyeshi kupumzika, ikiwa kweli nishati haikutoka. Jibu ni kwamba bafle za kawaida hugeuza asilimia chache tu ya umeme kuwa sauti, na sehemu kubwa iliyobaki huishia kuwa joto kwenye koili. Badiliko la hiyo asilimia ndogo halionekani kwenye taa za amplifaya.

Sauti nyembamba, kama za filimbi au herufi «s» ya mhubiri, haziathiriki sana, kwa sababu urefu wa mawimbi yake ni sentimita chache na mistari ya kufutana hujibana kiasi kwamba sikio la kulia na la kushoto husikia vitu tofauti.

11. Umeme ukikatika jirani huwasha jenereta. Naweza kuinyamazisha kwa bafle inayotoa sauti iliyo kinyume?

Kwa mto wako wa kulalia, pengine. Kwa mtaa mzima, kutoka dirishani kwako, haiwezekani. Bafle iliyo mbali na jenereta itafuta mngurumo mahali fulani na kuuongeza mahali pengine, na nguvu zote mbili zitakuwa zimejumlishwa: umeongeza nishati mtaani, hukuipunguza. Jirani wa upande wa pili ndiye atakayekuja kulalamika.

Ingewezekana kama ungeiweka bafle kwenye mdomo wenyewe wa bomba la moshi. Jenereta ndogo yenye silinda moja, ya mapigo manne, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, huwaka mara 25 kwa sekunde, na wimbi la mlio huo lina urefu wa karibu mita 14. Bafle kubwa iliyo umbali wa nusu mita tu kutoka kwenye mdomo wa bomba ingekuwa kama zile bafle zilizobanana za jibu la 10, na mlio huo wa chini usingetoka kabisa. Milio ya juu zaidi, na kelele za vyuma vya injini, zingebaki kama zilivyo. Ukweli ni kwamba bomba lenye sailensa nzuri hugharimu kidogo kuliko mradi huo.

12. Vipokea sauti vya masikioni vinavyozima kelele hufanyaje basi?

Hufanya kazi mahali padogo mno. Nafasi kati ya kifaa na ngoma ya sikio ni sentimita chache, ndogo sana kuliko mawimbi ya mngurumo wa gari au ndege, hivyo msukumo wa hewa humo hushushwa kote kwa pamoja. Utando wa kifaa hujisogeza kuipisha hewa inayoingia. Sehemu ya nishati hiyo hurudishwa nje na sehemu humezwa na utando wenyewe. Wazo si geni: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936.

## Mwanga kwenye tando nyembamba

13. Rangi za mafuta kwenye vidimbwi baada ya mvua zinahusianaje na nishati?

Mafuta yanayovuja kutoka kwenye pikipiki na magari hutandaa juu ya maji kwa unene mdogo kuliko unene wa unywele. Mwanga hurudi kutoka juu ya utando na kutoka chini yake, na mawimbi hayo mawili hukutana. Kwa unene fulani rangi nyekundu hufutana na kwa unene mwingine hufutana ya bluu, hivyo jicho huona rangi zilizobaki.

Rangi iliyokosekana haikupotea: imepita kwenda chini. Mwanga unaopita nao ni jumla ya mawimbi, moja lililopita moja kwa moja na jingine lililoruka mara mbili ndani ya utando, na unene unaoyafuta yanayorudi ndio huo huo unaoyaongeza yanayopita. Povu la sabuni huonyesha upeo wa jambo hili. Muda mfupi kabla halijapasuka, sehemu yake ya juu huwa nyeusi kwa sababu imekuwa nyembamba mno, nyuso zake mbili hurudisha mawimbi yaliyo kinyume, na karibu mwanga wote hupita upande wa pili.

14. Kwa nini paneli za jua ni za bluu?

Kwa sababu ya utando wa jibu la 13, uliowekwa kwa makusudi. Silikoni tupu hung'aa kama chuma na hurudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga. Viwandani hupakwa juu yake tabaka la silikoni naitraidi lenye unene wa karibu nanomita 75. Kwa mwanga wa nanomita 600, ambao ni wa rangi ya chungwa, mawimbi yanayorudi kutoka juu na chini ya tabaka hilo hukutana yakiwa kinyume na kufutana. Bluu, yenye wimbi fupi zaidi, haifutani vizuri, na hiyo kidogo inayorudi ndiyo tunayoiona juu ya mabati.

Kwa maoni yangu huu ndio mfano bora wa somo zima, kwa sababu hauhitaji kuaminiwa bali hupimwa kwa wati. Mawimbi yanayorudi yanapofutana, mkondo wa umeme unaotoka kwenye paneli huongezeka.

15. Miale miwili ya leza iliyo kinyume, ikipitishwa njia moja kabisa, haitafutana kutoka mwanzo hadi mwisho?

Ingefutana, lakini hakuna njia ya kuiweka kwenye njia moja bila kifaa, na kifaa hicho huwa na mlango wa pili. Kinachotumika ni kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Miale miwili ikiingia kutoka pande mbili, kila moja hugawanyika, na hupatikana njia mbili za kutokea. Mawimbi yakifutana kwenye njia moja, huongezana kwenye nyingine: ukali wa 1 na 1 hutoka ukiwa 0 hapa na 2 kule. Anayelalamika kwamba nishati imepotea huwa ametazama mlango mmoja.

Albert Michelson alitumia kioo cha namna hiyo katika jaribio lake maarufu la mwaka 1887 pamoja na Edward Morley. Leo LIGO ya Marekani, chombo cha kutambua mawimbi ya nguvutano kutoka angani, chenye mikono ya kilomita 4, hupangwa ili mlango wa kitambuzi uwe karibu giza kabisa. Nuru yote basi hurudi kuelekea kwenye leza, na wahandisi wameweka kioo hapo cha kuirudisha ndani ili itumike tena. Mtikisiko wa nguvutano uliopita tarehe 14 Septemba 2015 ulionekana kwa sababu giza hilo lilivurugika kidogo.

## Maswali ya mpakani

16. Fotoni, yaani vipande vidogo kabisa vya nishati ya nuru, zikipita moja moja, nishati inagawanywa kati ya nani na nani?

Haigawanywi. Geoffrey Taylor alipiga picha mwaka 1909 kwa nuru hafifu sana, na mistari ilijitokeza ile ile. Kila fotoni huacha nishati yake yote kwenye nukta moja. Kinachofuata hesabu ya jibu la 3 ni uwezekano wa fotoni kuonekana hapa au pale, na jumla ya uwezekano huo kwa ukuta mzima ni 1. Hakuna fotoni inayofuta nyingine.

17. Nikiweka paneli ndogo kwenye mistari myeupe tu, si nitavuna mara nne?

Utavuna hadi mara nne ya ukali wa wimbi moja kwa kila sentimita ya mraba, lakini kwenye eneo dogo. Ukifunika nusu ya ukuta, ile iliyo karibu na vilele vya mwanga, utapata takriban asilimia 82 ya nishati yote, na nusu ya giza itakuwa na asilimia 18 zilizobaki. Kuna faida ya kuokoa paneli, hakuna faida ya nishati. Lenzi ya kawaida hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

18. Bafle moja ilikuwa ikilia. Ya pili, iliyo kinyume, ikawashwa baadaye. Je, sauti iliyokwisha kutoka inarudishwa?

Hairudishwi. Iliyotoka imetoka, na husafiri kwenda nje kwa takriban mita 343 kwa sekunde kama tabaka la sauti lenye ukingo wa nyuma, na nyuma ya ukingo huo ndipo kimya kinapoanza. Bafle ya kwanza nayo haibadiliki papo hapo. Ikiwa ya pili iko umbali wa sentimita 34, msukumo wake huchukua elfu moja ya sekunde kufika, na kwa muda huo ile ya kwanza hufanya kazi kamili kama iliyo peke yake. Baada ya hapo ndipo mzigo wake unapopungua, na jibu la 10 linaanza kufaa. Msikilizaji aliye mita 34 kutoka hapo ataendelea kusikia besi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya bafle ya pili kuwashwa.